Ziwa Lisilo na Mlango

Neno letu leo linatoka Ezekieli sura ya 34, mstari wa 18. Hapo Mungu anawauliza kondoo walionona kama haiwatoshi kunywa maji safi, hata wayavuruge kwa miguu yao yale yanayobakia wenzao. Hawalaumu kwa kunywa. Mwenye kiu lazima anywe, na mwenye njaa lazima alime. Kosa lao ni kuwasahau walio nyuma.

Sisi wa Nakuru tunaielewa habari hii. Mto Njoro huanzia katika msitu wa Mau Mashariki, hupita mashambani na katika mji wa Njoro, kisha huingia Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hesabu ya misitu. Palipokuwa na miti pakalimwa. Siku hizi, kiangazi kikizidi, mto hukauka sehemu za chini. Mvua ikinyesha, hushuka mzito kwa udongo.

Ni nani aliyefanya hayo? Mwenye shoka atasema alikata mti mmoja tu wa makaa. Mwenye jembe atasema alilima hadi ukingoni kwa kuwa shamba ni lake, na hati anayo. Mwenye gari atasema aliosha gari moja tu mtoni. Kila mtu ana kidogo chake, na hakuna mwenye kosa! Hata Kaini, alipoulizwa habari za nduguye, alitaka kujua kama yeye ndiye mlinzi wake.

Lakini Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Udongo na uchafu ukiingia, hauna pa kwenda. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda, yakafunika lango la hifadhi ya wanyama na kuingia katika nyumba za watu. Wataalamu hutaja mvua nyingi, tena udongo unaoteremka kutoka vilima vilivyokatwa miti. Maji ya magadi yakazimuliwa, chakula cha heroe kikapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria.

Ndugu zangu, na tuungame. Tumehubiri sana juu ya mwizi wa kuku, tukanyamaza juu ya anayemharibia jirani maji. Tuanze wiki hii. Wenye mashamba kando ya mto tuache ukingo bila kuulima, tupande miti ya kienyeji, wala si mikaratusi inayokunywa maji mengi. Na tunapochota, tukumbuke kwamba huko chini yuko mama aliyeshika mtungi wake. Hatumjui jina, lakini ni ndugu yetu, na Mungu atatuuliza habari zake.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tulivyokunywa na kuvuruga. Utufundishe kuwaachia wengine maji safi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.