Shangazi Hana Kadi: Mazungumzo ya Kila Siku kama Uchunguzi wa Jamii



Leo nimekuja kutetea jambo moja. Watu hawangoji chuo kikuu kije kuwachunguzia maisha yao. Wanayachunguza wenyewe, kwa mazungumzo: barazani, kijiweni, saluni, kwa kinyozi, uani, penye kahawa. Sisi wasomi tumezoea kuyafanya mazungumzo hayo malighafi. Tunarekodi, tunanakili, tunafasiri, kisha tunaandika kana kwamba maana imetoka kwetu. Hapo tunawapunja wenzetu. Mara nyingi hoja imekwisha kutolewa, imepingwa, imedaiwa ushahidi na kurekebishwa kabla dodoso letu halijafika.

Nitaanza na kikao cha harusi, maana wengi tulio humu ukumbini tumekikalia. Posa ikikubaliwa na mahari yakiafikiwa, inaundwa kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kamati inakutana jioni, aghalabu kwenye baa au hoteli ya jirani, wiki hadi wiki. Katibu anasoma orodha. Mbele ya kila jina pana safu mbili, ya ahadi na ya taslimu. Mtazameni katibu mzoefu anapofika kwa mtu aliyeahidi laki mbili na hajatoa hata senti. Hasemi kwamba huyu hajalipa. Anasoma jina, anasoma ahadi, anakaa kimya kidogo, halafu anaendelea na jina la chini yake. Kila mtu ameelewa. Mmoja atamtetea: “Jamani, yule ana mgonjwa Muhimbili, tumsitiri.” Mwingine atakumbusha kwamba alipoozesha yeye, wote tulichanga. Wa tatu atauliza kama mchango ni deni au ni hisani, na akiuliza hivyo soda zitapoa, maana hapo hapana jibu jepesi.

Kisha linakuja suala la kadi. Aliyechanga kiasi fulani apewe kadi ya mtu mmoja, aliyezidisha apewe ya watu wawili. Bajeti imekaza, ukumbi umelipiwa kwa idadi ya viti, mapambo na MC wanadai malipo ya kwanza. Ndipo mama mmoja aliyenyamaza tangu mwanzo anasema: “Na shangazi yake bwana harusi, yule wa kijijini? Mbona simwoni kwenye orodha?” Hakuchanga pesa. Alimlea kijana miaka ile mama yake alipokuwa mgonjwa. Kikao kizima kinasimama. Sherehe hii ni ya ukoo au ni ya wachangiaji? Mlezi anahesabiwaje kwenye daftari lenye safu mbili tu?

Hilo ni swali la sosholojia, na limeulizwa vizuri kuliko nilivyowahi kuliona kwenye mapendekezo mengi ya utafiti ninayopelekewa mezani. Tena linaulizwa mahali pake, na watu watakaoishi na jibu. Wazee wetu walichangiana mchele, kuni, kuku na nguvu za mikono. Wanawake walikesha uani wakipika. Leo mpishi analipwa, ukumbi unakodiwa, na tangu huduma za pesa kwa simu zilipoenea, M-Pesa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mchango unaingia kwenye simu ya mweka hazina hata kama mtoaji hajaonana na bwana harusi miaka mingi. Sherehe zimeongezeka pia: kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, na kila moja ina kamati yake. Wanakamati wanayajua mabadiliko hayo yote na wanabishana juu yake. Mtafiti akija akauliza, “Je, michango ya harusi ni mzigo kwako?” atarudi na asilimia za ndiyo na za hapana. Shangazi hatampata.

Nihamie kwenye kanga. Nenda maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au kule Mombasa kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ambalo kanga zake zina maneno Mali ya Abdulla. Utaona mteja akishika doti, kabla hajaikunjua yote anainua ukingo wa chini ya mji asome jina. Akilipenda, anamsomea mwenzake. Hapo hapo mjadala umeanza: hii ya kumpa mama mkwe, hii hapana, hii ukiivaa mtaani kwetu utaleta maneno.

Vitabu vingi vinayakusanya majina ya kanga kama vile vinavyokusanya methali, jina moja baada ya jingine, na maelezo kando. Kazi hiyo ina faida yake, ila inaacha nje jambo kubwa. Jina “Hasidi hana sababu”, likikaa dukani rafuni, halijamwambia mtu kitu. Likivaliwa na Bi Mkubwa siku jirani yake alipokuja kuazima ungo, limesema. Na jirani akikasirika, mvaaji ana njia ya kutokea: “Mimi nimeipendea rangi yake, mwenzangu.” Nani atathibitisha kinyume? Rose Marie Beck, aliyeitafiti kanga kwa miaka mingi katika pwani ya Kenya, ameonyesha kwamba utata huo ndio nguvu ya kanga. Inamwezesha mwanamke kusema lililokatazwa kusemwa na bado akaendelea kuishi ua mmoja na aliyeambiwa. Ukitaka kuielewa kanga, sikiliza lililozungumzwa kabla haijavaliwa na litakalozungumzwa baada ya mvaaji kupita.

Muziki wetu nao una ushahidi wa zamani zaidi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni chanzo cha nyimbo zake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwasikiliza wazee wa Ng'ambo, Unguja, wakieleza jinsi nyimbo za Siti na wenzake zilivyobeba habari za mtaa: kesi, dhuluma, wenye nguvu waliosalimika. Wimbo wa Kijiti ni mfano unaojulikana sana. Unahusu kifo cha mwanamke mgeni, na kesi ambayo wengi waliona haki haikutendeka ndani yake, kwa sababu mtuhumiwa alitoroka na adhabu ikawaangukia wengine. Watu walikuwa wamekwisha kuijadili kesi hiyo majumbani na barazani. Wimbo uliichukua hukumu yao ukaipa sauti, kisha ukawarudishia waendelee kujadili. Mahakama ya kikoloni iliandika hukumu moja, na baraza za Ng'ambo zikahifadhi nyingine. Wazee walioongea na Fair miongo mingi baadaye walikuwa bado wanaikumbuka ya kwao.

Ruka sasa hadi Arusha ya miaka ya 1990. Brad Weiss, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliketi kwenye vibanda vya vinyozi vya mji ule, akaandika kitabu juu ya vibanda hivyo kilichotoka mwaka 2009. Alichokikuta kila kijana wa mjini anakijua: ukutani picha za wasanii, redio juu, mmoja kitini ananyolewa na watano kwenye benchi wasionyolewa. Hao watano ndio mjadala. Wanazungumza mitindo, ajira, mapenzi, siasa, na maisha ambayo wanayaona na hawayafikii. Kizazi hicho ndicho kilichokuwa kikiupokea muziki wa Bongo Fleva, na mwaka 2001 msanii Profesa Jay alipotoa Ndio Mzee, alichokiweka ndani ya wimbo ni mkutano wa hadhara: mwanasiasa anaahidi, umati unaitikia. Vijiwe viliuchukua mwitikio ule vikautumia kwa kila mwenye ahadi nyingi, kuanzia mwajiri hadi mchumba. Mwaka 2015 Profesa Jay mwenyewe aligombea ubunge wa Mikumi akashinda, na watu wakapata jambo jipya la kupimia maneno yake.

Nisiyapake mazungumzo rangi nzuri kupita kiasi. Baraza lina wenye kiti na wasio nacho. Kijiwe cha wanaume kinaweza kumzungumza msichana anayepita kwa namna ya kumtoa machozi, na kikaita hayo utani. Umbea umevunja ndoa, umewahamisha watu mitaa. Maskani za Zanzibar, yaani vijiwe vya mtaani, hasa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, zilikuwa shule za siasa, lakini pia zilimfanya mtu achague njia ya kupita kulingana na chama chake. Maneno ya kisiasa kwenye ubao wa maskani ya Kisonge pale Michenzani yamesomwa na wapita njia kwa kicheko na kwa hasira. Nairobi, kwenye bustani ya Jeevanjee, Bunge la Mwananchi limewakutanisha watu wa kawaida kujadili nchi yao wakiwa wamesimama au wameketi kwenye mabenchi, na si kila serikali iliyopenda hivyo. Na sasa sehemu kubwa ya soga zetu imehamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako neno halipotei hewani. Linapigwa picha, linasambazwa, linaweza kuletwa kama kielelezo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na watu wamejifunza kuandika kwa mafumbo zaidi. Mtafiti anayenakili maandishi ya kundi bila idhini anawaweka watu hatarini, na jambo hilo nalisema kwa uzito wote nilionao.

Bado naamini njia ya kuijua jamii hii inapita hapo, na chuo chetu hakijaifuata vya kutosha. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituonyesha mapema. Katika miaka ya 1980 walikwenda vijijini, Malya kikiwa kimojawapo, wakafanya kazi ya sanaa za maonyesho ambayo ndani yake wanakijiji wenyewe walichagua tatizo, wakalichezea ngoma na igizo, kisha wakalijadili papo hapo, wakubwa wa kijiji wakiwepo. Mjadala wa baada ya onyesho ulikuwa sehemu ya kazi. Waliosema ndio waliochambua.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa chuo hiki. La kwanza ni la hifadhi. Daftari la kamati ya harusi hutupwa sherehe ikiisha. Kadi za salamu ambazo wasikilizaji walizinunua, wakazijaza majina ya jamaa na kuzituma redioni, nyingi zimeoza au zimechomwa. Majina ya kanga za mwaka jana yanabaki kwenye makabati ya mama zetu. Maktaba yetu ianze kuvipokea vitu hivi, pamoja na maelezo ya wenyewe juu ya nani aliambiwa nini na lini, na wapewe haki ya kufunga sehemu wasizotaka zisomwe wakiwa hai.

La pili linawahusu wanafunzi wa shahada za juu. Mwanafunzi anayeandika juu ya saluni, kijiwe au kikao, akimaliza rasimu arudi nayo kwa Kiswahili, aisome mbele ya wale wale waliompa maneno, awaache wabishe. Ubishi wao uchapwe ndani ya tasnifu kama sura yake, kwa ridhaa yao, na majina ya wanaotaka kufichwa yafichwe. Watahini wapime pia jinsi mwanafunzi alivyoujibu. Nimelipeleka pendekezo hili kwenye idara, na nitalipeleka kwenye seneti.

Muda uliobaki ni wenu. Kipaza sauti kianzie safu za nyuma, kwa wale waliosimama.