Sura ya Kaisari na Sura ya Mungu

Dominika ya 29 ya Mwaka A (Mt 22:15-21)



Wasikilizaji wapendwa, katika Injili ya leo Bwana wetu anaomba aonyeshwe sarafu ya kodi, kisha anauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Wanamjibu kuwa ni ya Kaisari. Naye anawaagiza wampe Kaisari vilivyo vyake, na Mungu vilivyo vyake. Sarafu ile ilikuwa na uso wa Kaisari, lakini haikuwa Kaisari. Haikuona njaa, haikumpenda mtu, wala haikuogopa kufa. Ilibeba sura ya mtu pasipo uhai wa mtu. Tulishike jambo hilo, kwa maana vijana wetu siku hizi huwauliza makatekista: Je, kompyuta zinazozungumza zina roho kama sisi?

Swali hili si la kuchekwa. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, alipendekeza kwamba badala ya kubishana kama mashine yaweza kufikiri, tutazame kama mtu anayeandikiana nayo bila kuiona ataweza kuitofautisha na binadamu. Tangu hapo wengi wamejenga dhana kwamba kinachosema kama mtu hakina budi kuwa na nafsi kama mtu.

Tuipime dhana hiyo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, alitangaza programu yake iliyoitwa ELIZA. Programu hiyo iliyapokea maneno ya mtu na kumrudishia kwa namna ya swali. Ndani yake hamkuwa na kitu ila kanuni za kugeuza maneno. Hata hivyo karani wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha, kama mtu aliye mbele ya msiri wake. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuwaonya watu.

Habari hiyo inatufundisha juu yetu wenyewe kuliko juu ya mashine. Moyo wa mtu una kiu ya kusikilizwa, na mwenye kiu hachagui kisima. Mashine za leo zina uwezo mkubwa mno kuliko ELIZA. Zimefundishwa kwa maandishi mengi yasiyohesabika, zikajifunza jinsi neno linavyofuata neno. Lakini zinapokupa neno la faraja, neno hilo lilianza kwa watu waliowahi kufiwa, wakalia, wakafarijiana.

Mtu aweza kupinga akisema: “Padre, hata moyo wa jirani yangu siuoni. Najuaje kwamba ana nafsi?” Pingamizi hilo lina uzito, na Turing mwenyewe alilijadili. Lakini jirani yako hukumtambua kwa maneno matupu. Amezaliwa na mwanamke kama wewe, anaugua kama wewe, atakufa kama wewe. Wala hakuna mama anayengoja mtoto mchanga aseme ndipo amwite mwanangu. Utu haupatikani kwa kufaulu mtihani.

Dhana ya pili husema kwamba ubongo ni kompyuta, na akili ni programu yake. Tukumbuke kwamba katika karne ya 17 Descartes alilinganisha mishipa ya fahamu na mabomba ya maji katika bustani za wafalme. Katika karne ya 20 ubongo ulifananishwa na kituo cha kuunganishia simu. Kila kizazi huchukua chombo chake cha ajabu kikasema: huyu ndiye mtu. Mfano husaidia kueleza, lakini mfano wa kitu si kitu chenyewe.

Dhana ya tatu imo humu humu kwetu tunaosali. Wengi hudhani roho imo mwilini kama dereva garini. Kama ingekuwa hivyo, dereva angeweza kuhamia gari lolote, hata mashine. Lakini Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho ndiyo umbo hasa la mwili, yaani ndiyo inayoufanya mwili huu kuwa mwili hai wa mtu. Mtu ni mmoja, roho na mwili. Anayefikiri ndiye huyo huyo anayelia, anayechoka na anayesali.

Kwa nini niyaseme haya siku ya Bwana? Kwa sababu penye dhana hizi pana watu watakaoumia. Tukisema mtu ni hesabu zinazopita kichwani mwake, tutasema nini juu ya bibi aliyesahau majina ya wanawe? Tutasema nini juu ya mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye wazazi humficha chumbani wageni wafikapo? Au juu ya mgonjwa asiye na fahamu? Mashine itawashinda wote hao kwa kusema na kuhesabu. Lakini hao wana sura ya Mungu, nayo haina. Bibi yule hakumbuki jina lake, lakini Mungu analikumbuka.

Basi tuipe mashine iliyo haki yake: ihesabu, itafsiri, imsaidie mganga na mwalimu. Mwezi Januari 2025 Vatikano, katika hati iitwayo *Antiqua et nova*, ilikumbusha kwamba akili bandia ni zao la akili ya mtu. Tusiipe lisilo lake. Katekista asiiachie imani ya watoto, maana imani hupokelewa kwa mtu anayeiishi. Mwenye dhambi asiridhike kuisimulia mashine makosa yake, maana haiwezi kumwondolea. Na mwenye huzuni asikose jirani wa kumsikiliza, hata akalazimika kuitafuta mashine usiku.

Juma hili, katika Jumuiya zenu Ndogo Ndogo, mtafuteni mmoja ambaye watu wameacha kuzungumza naye kwa kuwa hajibu tena. Ketini naye. Mshikeni mkono. Hapo mtakuwa mmempa Mungu kilicho cha Mungu.

Ee Baba, uliyetuumba kwa mfano wako, utufundishe kuitambua sura yako hata pale isipoweza kusema. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.