Picha Nayo Ni Amana



Kijana akisema ataka kuwa mpiga picha wa habari, twamcheka: hiyo nayo ni kazi? Basi mtazameni Mohamed Amin, Muislamu mwenzetu, aliyezaliwa Nairobi 1943. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, na kamera yake, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Ulimwengu ulipoiona ile njaa, misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono; akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.

Mwaka 2023 kamera za dunia zilikuja kwetu, Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sasa nakuuliza wewe: ukiletewa picha ya maiti kwa simu, waituma tu? Amin alionyesha wenye njaa ili wasaidiwe. Yako yamsaidia nani? Suratul Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari. Kabla hujabonyeza, uliza: kapiga nani, wapi, lini, na mamake akiiona?