KARIAKOO YA WAPANGAJI
(Hotuba kwa wanachama wa Issenye, Serengeti)



Nimeombwa niseme habari za mji, nami nimechagua Kariakoo ya Dar es Salaam. Msiseme ni mbali. Vijana wetu wanakwenda huko, na khanga tunazonunua gulioni nyingi zimepitia huko.

Jina lenyewe ni la msiba. Mwingereza alipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 aliweka pale wapagazi wa jeshi lake, yaani Carrier Corps. Watu wetu walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Waliobaki wakatamka Kariakoo. Kisha serikali ya kikoloni ikaugawa mji mafungu matatu: Mzungu kwake, Mhindi kwake, na Mwafrika nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja.

Tukakaa. Someni majina ya mitaa: Sukuma, Nyamwezi, Kongo, Likoma, Pemba, Mafia. Mgeni kutoka bara alipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo cha wote uani. Mnyamwezi na Mzaramo wakachota maji pamoja na kuuguziana watoto. Ndiyo maana TANU, tarehe 7 Julai 1954, haikuzaliwa katika hoteli ya mabwana. Ilizaliwa ukingoni mwa mtaa huo, New Street, ambayo sasa ni Lumumba.

Leo nyumba zile zimebaki chache. Juu ya viwanja vya wazee yamesimama maghorofa. Chini maduka, juu stoo za mizigo. Sisemi ghorofa ni dhambi. Mwenye kiwanja aliyepatana na mjenzi akabakiziwa sehemu yake ametumia akili. Lakini aliyeuza chote, fedha ikaishia kwenye harusi, naye sasa anapanga Mbagala, huyo tumwiteje? Na mpangaji wake, aliyelipa kodi miaka yote, hakuulizwa neno.

Tena majengo mengine hayana usalama. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka pale Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20 waliokuwa wakitafuta riziki yao.

Mwaka 2025 serikali ilikataza raia wa nchi za nje kufanya aina 15 za biashara. Wengi walipiga makofi, nami nilipiga. Ila duka la mgeni likifungwa, kijana wa Issenye anayebeba marobota mtaa wa Kongo hapati chumba kwa sababu hiyo. Bado atalala mbali na kupanda basi alfajiri.

Basi nataka tupeleke maneno mawili kwa mbunge wetu, maana anakaa Bunge moja na mbunge wa Kariakoo. Ghorofa jipya lisipewe kibali bila vyumba ambavyo mchukuzi anaweza kulipia. Na cheti cha mkaguzi kibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, kila mtu akisome kabla hajaingia.

Anayepinga asimame sasa aseme.