Miguu ya Mtoto Si Shamba la Familia

(Hotuba ya mzazi mmoja katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Nandi)



Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wetu wanaokimbia. Mimi si kocha. Ni mkulima wa mahindi, nina ng'ombe wawili, na ni mwanakikundi kama ninyi. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu nilikosea, na kosa langu linaweza kumfunza mwingine bure.

Binti yangu alianza kukimbia akiwa darasa la sita. Alikwenda shule mbio na kurudi mbio, hata akitumwa dukani. Alipofika kidato cha pili alishinda mita 1500 katika kaunti ndogo. Hiyo jioni nilijiona tajiri. Si mnajua, hapa Nandi ndiko alikozaliwa Kipchoge Keino, aliyepata dhahabu ya mbio hizo hizo kule Mexico mwaka 1968. Mzazi wa huku akiona mtoto wake anapita wenzake, hufikiri mara moja nyumba ya mawe.

Wiki iliyofuata nilikuja kikundini nikaomba mkopo wa shilingi 20,000 za mabati. Mlipouliza nitalipaje nilisema, "Miguu ya binti yangu italipa." Mlicheka, mkanipa. Yeye alikuwa mlangoni ameshika birika la chai. Alisikia.

Toka siku hiyo nilimwamsha saa kumi alfajiri, mvua iwe isiwe. Mguu ulianza kumwuma chini ya goti, akanyamaza. Mwezi mzima alijichua usiku, mama yake akidhani ni uchovu tu. Siku ya mashindano ya kaunti alikuwa wa pili mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo akasimama, akakaa chini. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa una ufa. Nilimwuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Baba, ningesema, deni lingelipwa na nani?"

Wazazi wenzangu, usiku ule sikulala. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tufanye hesabu. Katika mbio moja ya Olimpiki, Kenya nzima hupeleka watu 3 tu. Sasa hesabu shule zilizo hapa Nandi peke yake. Sisemi mtoto asiwe na ndoto. Nasema usikope kwa ndoto yake. Deni la mzazi lilipwe na shamba la mzazi.

Pili, chakula na usingizi. Mtoto anayekimbia bado anakua. Akitoka mazoezini asikute chai ya rangi pekee. Ugali, maharagwe, mboga, maziwa, na yai likipatikana: vitu hivi tunavyo. Akina mama watanisamehe, lakini daktari alinieleza na mimi sitaficha: msichana anayekimbia akikosa hedhi miezi kadhaa, mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Apelekwe zahanati. Tusiseme ni mazoezi.

Tatu, tusikilize maumivu. Uchovu wa kawaida huisha baada ya siku mbili tatu. Lakini maumivu ya mahali pamoja, yanayozidi akikimbia, yanataka mapumziko na daktari. Na mtoto atasema tu kama haogopi kusema.

Nne, dawa na karatasi. Asidungwe sindano wala asimeze tembe asiyoijua. Kwa sheria za michezo, mwanariadha mwenyewe ndiye anayejibu kwa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu mwingine. Usimdanganyie umri. Mkataba usiouelewa usiutie sahihi. Ulete hapa tuusome pamoja.

Tano, masomo. Vijana wengi wa Kenya wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani kwa sababu ya kukimbia, lakini vyuo hivyo huangalia alama za darasani pia. Na mguu ukivunjika, cheti hakivunjiki.

Sita, usalama. Mtu akija na gari akisema anampeleka binti yako kambini, muulize: nani anasimamia? Wasichana wanalala wapi? Shule itakuwaje? Oktoba 2021 tulimpoteza Agnes Tirop, mtoto wa Nandi hii hii, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015. Aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kupigana na dhuluma dhidi ya wanawake. Msichana anayepata pesa si mali ya mtu, awe mume, awe wakala, awe mimi baba yake.

Deni lenu nililipa kwa mahindi, misimu miwili. Binti yangu alipumzika miezi mitatu, na akarudi mazoezini polepole, saa aliyochagua yeye na mwalimu wake. Mwaka jana alikuwa wa sita katika kaunti. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja, nimeshika sweta yake na chupa ya maji. Alipofika nilimwuliza, "Mguu je?" Akasema, "Hauumi, Baba." Tukaenda kunywa chai.



Ya kujadiliwa kikundini:

1. Je, kuna mtoto kijijini mwetu anayebeba deni la wazazi wake bila sisi kujua?

2. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mtoto mwenye kipawa kwa nauli, raba au chakula, bila kudai arudishe akishinda?

3. Ni nani kati yetu atakayefuatana na wasichana wanapokwenda kushindana mbali?