Sikio Linalofunzwa Utotoni

Msikilizaji, wapo wanafunzi ambao mwalimu akitamka "kura" kisha "kula", wao husikia neno lilelile. Masikio yao ni mazima. Katika lugha kadhaa za Kibantu, l na r hazitofautishi maana, hivyo ubongo huzoea mapema kuzitia kapu moja.

Mapema kiasi gani? Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walichapisha utafiti wa watoto wachanga waliolelewa kwa Kiingereza. Walisikilizishwa sauti mbili za t za Kihindi ambazo Kiingereza hakizitenganishi. Wenye miezi 6 hadi 8, wengi walizibagua. Wenye miezi 10 hadi 12, wengi walishindwa, na wengine hata kutembea bado! Wenzao waliolelewa kwa Kihindi hawakupoteza uwezo huo.

Hata hivyo, sikio la mtu mzima hufundishika. Wajapani waliozoezwa kusikiliza l na r za Kiingereza kutoka kwa wasemaji mbalimbali walipiga hatua, japo polepole. Basi walimu, msimcheke mtoto. Msomeeni jozi za maneno kama "kura" na "kula" mara kwa mara, tena wasomaji wawe tofauti.