Joto Hufuata Kilo, Pampu Husukuma Lita



Jioni hii nazungumzia mafuta yanayozunguka ndani ya mabomba ya mtambo wa lami. Lami ikipoa huganda, kwa hiyo tangi lake lazima lipashwe joto. Mafuta hupata moto kwenye hita, pampu ikayapitisha kwenye koili zilizo ndani ya tangi, kisha yakarudi kuanza upya. Maji yangeweza kazi hiyo, ila kwa nyuzi 250 yangetaka presha ya takriban mara 40 ya presha ya hewa ili yasigeuke mvuke. Mafuta hayadai presha hiyo.

Yanadai nafasi. Lita moja ya maji baridi ikipanda nyuzi moja hubeba kilojuli 4.2 hivi, lita ya mafuta ya kawaida ya kazi hii, yakiwa ya moto, hubeba chini ya 2. Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama, kwa sababu tumewafundisha joto kwa kutumia maji, ambayo lita yake ni karibu kilo moja, na hakuna anayeulizwa kama anahesabu kilo au lita.

Tuchukue hita ya kilowati 500, mafuta yakitoka na kurudi kwa tofauti ya nyuzi 30. Yakiwa na nyuzi 20, mita moja ya ujazo ina kilo 870 hivi. Kwa nyuzi 250 inabaki na kilo 740, huku kilojuli zinazohitajika kuipandisha kilo moja nyuzi moja zikiongezeka kutoka 1.9 hadi 2.6. Ukitumia namba za moto pande zote mbili, pampu inatakiwa kusukuma mita za ujazo 31 kwa saa. Ukichukua uzito wa baridi ulioandikwa kwenye pipa na uwezo wa joto wa nyuzi 250, unapata 26.5. Pampu ya 26.5 itafanya kazi, na hakuna kengele itakayolia. Lakini mafuta yatapita polepole mno kwenye kuta za hita, yale yanayogusa chuma yatapata moto kupita kiasi, yatavunjikavunjika na kuacha masizi magumu ndani ya bomba. Masizi hayo huzuia joto, chuma kinazidi kupata moto, na mwisho bomba linatoboka.

Kilo hazipotei, zinahama tu. Mfumo uliojazwa lita 5,000 asubuhi ya nyuzi 20 una kilo 4,350. Ukifika nyuzi 250, kilo zilezile zinataka lita 5,880 hivi. Lita 880 zilizozidi hupanda kwenye tangi la kutanukia, ndiyo maana tangi hilo huachwa na robo tu ya mafuta mfumo ukiwa baridi. Mtu akiliona hivyo akalijaza kwa nia njema, mafuta ya moto yatamwagika mchana. Nawaombeni sana, mafundi, karibu na kioo cha kupimia pachorwe mistari miwili, wa baridi na wa moto, na kila mmoja uandikwe nyuzi zake.

Hesabu hiyohiyo imewahi kufanywa kwa ukubwa wa ajabu. Huko Daggett, jangwani California, mtambo wa umeme wa jua ulioanza kazi mwaka 1984 ulihifadhi joto la mchana ndani ya mafuta, kati ya nyuzi 240 na 307. Kwa tofauti hiyo, mita moja ya ujazo hutunza takriban kilowati-saa 35 za joto, na chini ya nusu yake ndiyo hugeuka umeme. Ukitaka saa kadhaa za umeme baada ya magharibi, lazima uwe na maelfu ya mita za ujazo za kitu kinachowaka. Tangi la Daggett liliteketea mwaka 1999. Mitambo mingi ya aina hiyo iliyofuata imeyaachia mafuta kazi ya kusafirisha joto tu, na hifadhi ikawekwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa, ambayo haiwaki.